Njia ya Moshi Kisangani: Kutoka Boila za Masuwa Mpaka Jiko la Nyuma ya Nyumba

Katika komini ya Makiso, hapa Kisangani, nyumba nyingi za matofali zilizojengwa wakati wa Wabelgiji zinaongezewa vyumba. Familia imekuwa kubwa, parseli ni ileile, na pesa ya kununua kiwanja kingine haipatikani. Basi fundi anaitwa. Ukuta unapandishwa kati ya nyumba kubwa na jiko la zamani lililokuwa peke yake kule nyuma, paa linarefushwa, na jiko linamezwa na nyumba. Kila mtu anahesabu saruji, mabati na misumari. Swali moja linasahauliwa mara nyingi: bomba la moshi lililokuwa likitokea nje, sasa litatokea wapi?

Swali hilo si dogo. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linahesabu kwamba moshi na hewa chafu ya majiko ya nyumbani vilisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020 peke yake. Wanaokaa karibu na jiko kwa saa nyingi ndio wanaoumia zaidi, yaani akina mama na watoto wadogo. Na katika mji wetu, ambao wakaaji wake wengi wanapika kwa kuni na makala, kila ukuta mpya unaojengwa karibu na jiko unagusa pumzi ya watu.

Tena swali hilo si jipya. Mji huu ulifikiwa na boila na dohani kabla ya kuwa na barabara moja ya gari. Tangu siku hizo, kila mara moto ulipohamishwa, ilibidi watu watafute upya njia ya moshi. Historia hiyo inafaa kujulikana na kila anayetaka kubomoa au kusogeza bomba la zamani.

Fundi wa boila, mkuu wa kwanza wa kituo

Mwaka wa 1881, watu wa Henry Morton Stanley walikuwa wakivuta kwa magari ya magurudumu vipande vya masuwa za moshi kupita vilimani, kukwepa maporomoko ya Kongo ya chini. Kati ya watu hao kulikuwa na Wazanzibari wengi. Boila ya chuma ni kitu ambacho hakikatwi vipande vidogo kama mbao, kwa hiyo ilibidi barabara itengenezwe kwa ajili yake, mawe yavunjwe na miti iangushwe. Mwezi wa Desemba 1881, masuwa ndogo iliyoitwa En Avant iliwekwa majini kule Pool, mahali ambapo leo ni Kinshasa. Baada yake moshi wa masuwa ulianza kuonekana mtoni kuelekea huku juu.

Stanley alifika kwenye maporomoko yetu mwanzoni mwa Desemba 1883. Alipoondoka, aliacha kituo kwenye kisiwa cha Wana Rusari, na mkuu aliyemweka alikuwa Mskoti mmoja mfupi aitwaye Binnie. Kazi ya Binnie kabla ya siku hiyo ilikuwa fundi wa mashine katika masuwa iliyoitwa Royal. Kwa hiyo Mzungu wa kwanza kuongoza kituo ambacho baadaye kiliitwa Stanleyville, na leo Kisangani, alikuwa mtu wa boila, aliyezoea kuangalia maji, moto na dohani.

Mwaka wa 1884, mmisionari George Grenfell naye aliunganisha masuwa yake, Peace, kule Pool. Ilitengenezwa Uingereza na kampuni ya Thornycroft, ikafunguliwa vipande mamia, ikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi. Mafundi waliotumwa kuiunga walikufa kwa homa, na Grenfell akaiunga yeye mwenyewe pamoja na wasaidizi Waafrika. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo alifika nayo hapa kwenye maporomoko. Wapagazi waliobeba chuma hicho hawakuandikwa majina, lakini bila migongo yao hakuna boila ambayo ingefika kwenye mto wa juu. Reli ya Matadi mpaka Léopoldville ilimalizika mwaka wa 1898 tu.

Kuni, cheche na usiku wa shoka

Masuwa za wakati huo hazikula makaa ya mawe. Zilikula msitu. Jioni zilisimama kando ya mto, na watu wa masuwa wakaingia porini na mashoka na misumeno kukata kuni za kesho yake. Baadaye serkali iliweka vituo vya kuni kando ya mto, na vijiji vya jirani vililazimishwa kukata na kupanga kuni hizo. Katika utawala wa mfalme Léopold II wa Wabelgiji, kazi hiyo ilikuwa mzigo juu ya mzigo wa mpira.

Joseph Conrad, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alipanda mto huu mwaka wa 1890 katika masuwa iliyoitwa Roi des Belges. Iliondoka Kinshasa mwanzoni mwa Agosti ikafika hapa tarehe 1 Septemba, karibu mwezi mzima. Katika kitabu alichotoa baadaye juu ya safari kama hiyo, alimweka mchoma-moto Mwafrika aliyesimama mbele ya boila akichunga kipimo cha maji. Wachoma-moto wa namna hiyo walikuwepo kweli, na maisha ya wote waliokuwa ndani ya masuwa yalikuwa mikononi mwao.

Mchoma-moto alijua mambo mawili ambayo mwenye nyumba leo anapaswa kuyajua. La kwanza ni kwamba kuni mbichi zinaharibu dohani. Maji yaliyomo ndani ya mti yanageuka mvuke, moto unapoa, na moshi unaacha ndani ya bomba masizi yenye mafuta kama lami. Masizi hayo yakizidi, njia inakuwa nyembamba, na siku moja yanaweza kushika moto yenyewe. La pili ni cheche. Dohani ya kuni inatupa cheche, na masuwa zilikuwa na turubai na mizigo inayoungua upesi. Ndiyo sababu wavu wa chuma uliwekwa mdomoni mwa dohani za namna hiyo. Wavu nao ulitaka kusafishwa, kwa sababu ukizibwa na masizi unaua moto.

Dohani fupi ya gari-moshi

Mwaka wa 1906, reli ya Stanleyville mpaka Ponthierville, ambayo leo tunaiita Ubundu, ilifunguliwa. Ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 125, ikianzia ng'ambo ya kushoto, upande wa Lubunga, ili kukwepa maporomoko. Kampuni ya CFL ndiyo iliyoiendesha. Magari yake ya moshi nayo yalichoma kuni.

Watu wengi waliotazama gari-moshi walijiuliza kwa nini dohani yake ni fupi hivyo, wakati shemine ya kiwanda ni ndefu kama mnazi. Jibu linasaidia hata nyumbani. Moshi unapanda kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa baridi. Kadiri bomba linavyosimama juu zaidi, ndivyo mvuto wake unavyokuwa na nguvu. Gari-moshi haliwezi kubeba bomba refu, kwa hiyo mafundi wa Uingereza, karibu miaka 200 iliyopita, waliamua kuelekeza mvuke uliokwisha kufanya kazi ndani ya dohani, usukume moshi kwa nguvu. Gari la Rocket la George na Robert Stephenson la mwaka wa 1829 lilionyesha njia hiyo mbele ya watu wote.

Jiko la nyumbani halina mvuke wa kulisukumia moshi. Lina urefu wa bomba tu. Mtu akilikata bomba lake ili lipite chini ya paa jipya, au akilipindisha pembeni litokee ukutani, amelinyang'anya jiko nguvu yake pekee, na moshi utarudi ndani.

Ua, barza na jiko la nyuma

Wakati masuwa zinafika, watu wa mji huu walikuwa tayari na elimu yao juu ya moshi. Waungwana waliokuja na akina Tippu Tip kutoka mashariki walileta nyumba ya pembe nne, yenye baraza mbele na ua nyuma, na moto wa kupikia uliwekwa uani. Mwezi wa Februari 1887, kule Zanzibar, Tippu Tip alikubaliana na Stanley kuwa wali wa Stanley Falls kwa jina la serkali ya Léopold. Utawala wake ulipita, lakini Kiswahili kilibaki, na umbo la nyumba nalo likabaki. Hata Wabelgiji walilichukua neno "baraza" na kuligeuza "barza" katika Kifaransa chao cha Kongo.

Katika vijiji vya mto na msitu, moshi ulikuwa pia mtumishi. Ulipita polepole katika majani ya paa, ukafukuza wadudu na mchwa, ukakausha samaki na nyama juu ya uchaga. Paa la majani lina matundu maelfu ya kutolea moshi. Paa la bati halina hata moja. Watu walipoacha majani na kuchukua bati, walipata nyumba isiyovuja, lakini walipoteza dohani ambayo hawakujua kama walikuwa nayo.

Wabelgiji walipojenga nyumba za matofali za Stanleyville, nao hawakuweka jiko ndani. Walilijenga nyuma, peke yake, karibu na vyumba vya watumishi, na mara nyingi njia iliyofunikwa iliunganisha jiko na nyumba kubwa. Sababu zilikuwa joto, harufu na hatari ya moto, na pia ubaguzi, kwani mpishi na moshi wake walitakiwa kukaa mbali na chumba cha wageni. Ndani ya jiko hilo palikuwa na jiko la chuma la kuni lenye bomba lililopanda moja kwa moja mpaka juu ya paa. Maji ya kuoga yalichemshwa kwa moto wa kuni huko nje. Neno "boiler", ambalo Wabelgiji wanalitumia kwa chombo cha kuchemshia maji ya nyumbani, lilibaki katika midomo ya mafundi wetu wa bomba.

Katikati ya miaka ya 1950, umeme wa maporomoko ya Tshopo ulianza kuwaka. Boila za umeme ziliingia katika nyumba za wenye nafasi, na mabomba mengi ya moshi yakaachwa bila kazi. Mengine yalizibwa, mengine yalifunikwa na dari, na kumbukumbu yake ikapotea.

Moto unarudi ndani

Baada ya uhuru, nyumba hizo zilipita katika mikono mingi. Kulikuwa na vita vya mwaka wa 1964, kisha hatua za kuzairisha mali za wageni zilizotangazwa Novemba 1973, kisha miaka ambayo hakuna aliyekuwa na pesa ya kutengeneza kitu. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humu mjini kwa siku sita. Mabomu zaidi ya 6,000 yaliangushwa, mamia ya wakaaji waliuawa, na umeme na maji vilikatika. Anayeishi bila kura anarudi kwenye kuni na makala. Makala inakuja mjini kwa kinga na kwa mitumbwi, na mbabula ikaingia hata katika nyumba zilizokuwa na jiko la umeme.

Hapo ndipo hatari mpya ilipozaliwa. Kuni zinatoa moshi unaochoma macho, kwa hiyo mtu anakimbia. Makala ikishawaka vizuri haitoi moshi mwingi, na mtu anadhani ni salama. Lakini inatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mfaransa Claude Bernard alieleza katika miaka ya 1850 jinsi hewa hiyo inavyochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta anapata kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi. Akiwa amelala tayari, anaweza asiamke tena.

Haichagui tajiri wala maskini. Mwandishi Émile Zola, mmoja wa watu maarufu zaidi Ufaransa, alikufa hivyo chumbani mwake Paris, usiku wa kuamkia tarehe 29 Septemba 1902. Mke wake alipona kwa shida. Serkali ilisema ni ajali ya dohani. Miaka 50 hivi baadaye, gazeti moja la Paris lilichapisha ushuhuda kwamba fundi wa paa aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya jirani aliiziba dohani makusudi, kwa chuki ya siasa. Ukweli wa ushuhuda huo unabishaniwa hadi leo. Somo kwa mwenye nyumba halibishaniwi: kazi inayofanywa juu ya paa inaweza kumuua aliyelala chini.

Kabla ya kusogeza bomba la zamani

Kutokana na historia hiyo, yako mambo ambayo familia inayopanga kuongeza vyumba ingefaa kuyazungumza na fundi kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Kwanza, lifuatwe bomba lote, toka jiko mpaka mwisho wake. Bomba lililofichwa na dari linaweza kuwa limevunjika katikati, na likiwashwa tena litamwaga moshi juu ya vyumba vya kulala. Njia rahisi ya kulijaribu ni kuwasha karatasi mdomoni mwa jiko na kutazama moshi unakokwenda. Ukirudi ndani, njia imeziba au mvuto ni dhaifu.

Pili, chumba kipya kikiwa kirefu kuliko jiko la zamani, bomba lirefushwe lipite juu ya kilele cha paa jipya. Likiishia chini ya kilele, upepo utausukuma moshi chini na kuuingiza madirishani. Mdomo wake ufunikwe na kofia ya bati iliyoacha nafasi pembeni, kwa sababu mvua ya Kisangani haina mchezo.

Tatu, bomba likibidi kuhama, mara nyingi ni afadhali kuhamisha jiko lenyewe chini ya mahali ambapo bomba linaweza kupanda wima. Kama kona haiepukiki, iwe ya mteremko mpole, isiwe ya kulala kama kiwiko. Sehemu iliyolala inakusanya masizi. Bomba jipya lisiwe jembamba kuliko tundu la jiko.

Nne, bomba la moto lisiguse mbao za paa. Mbao inayopashwa joto kila siku inakauka mpaka siku moja inashika moto bila kuguswa na mwali. Iachwe nafasi ya kutosha, na bati la kinga liwekwe pale linapopenya.

Tano, iangaliwe bomba limetengenezwa kwa nini. Mabomba na mabamba ya kijivu ya zamani, yale ambayo mafundi wanayaita eterniti, yanaweza kuwa na asibesto. Vumbi lake likivutwa linakaa mapafuni na kuleta kansa miaka mingi baadaye. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku vitu vya asibesto tangu mwaka wa 2005. Bomba la namna hiyo lisikatwe kwa msumeno wala kuvunjwa kwa nyundo. Kama ni lazima litoke, lilowanishwe maji, lifunguliwe zima, lifungwe katika plastiki na kuzikwa mbali na kisima, na watoto wasiwe karibu. Vipande vyake visigeuzwe kuwa bamba la kuchomea samaki.

Sita, bomba lisilotumika tena lizibwe kwa matofali pale chini, na juu ya paa lifunikwe vizuri. Bomba lililoachwa wazi linaleta mvua, ndege na panya, na siku mpangaji mpya atakapowasha moto bila kujua, moshi wote utabaki naye chumbani.

Na kwa wote, wenye bomba na wasio na bomba: mbabula isilale ndani na watu hata ikionekana kama majivu tu, na jenereta isiwashwe kwenye korido ama chini ya dirisha. Mtu akikutwa amelegea karibu na makala, atolewe nje kwanza kwenye hewa safi, kisha apelekwe hospitali bila kungoja.

Babu zetu waliweka moto uani. Wachoma-moto wa masuwa walilala karibu na boila wakaamka kwa sababu walisafisha dohani. Parseli zetu zimekuwa ndogo na ua unajengwa kila mwaka, hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Lakini fundi akija na kamba yake ya kupimia chumba kipya, apime pia urefu wa bomba kabla hajaondoka.